Atomu Ngeni Ndani ya Fuwele: Historia ya Seramiki za Perovskaiti

Perovskaiti ni familia ya madini na seramiki ambazo atomu zake zimepangwa kwa namna moja. Ioni kubwa, inayoitwa A, hukaa kwenye pembe za mchemraba. Ioni ndogo, B, hukaa katikati. Oksijeni hukaa katikati ya kila uso. Kila B huzungukwa na oksijeni sita zinazofanya umbo la pande nane, na maumbo hayo hushikana pembe kwa pembe kuelekea kila upande, yakiacha kati yao uwazi wa kutosha kwa ioni A. Mpangilio huu una sifa moja iliyoamua historia yake yote: unastahimili wageni. Elementi nyingi zinaweza kuingia katika nafasi ya A au ya B bila fuwele kuvunjika. Lakini ingawa fuwele huvumilia, haikai kama ilivyokuwa. Kiasi kidogo tu cha elementi ngeni kinaweza kukifanya kihami kipitishe umeme, kuhamisha kwa makumi ya nyuzi joto ambalo seramiki hubadilika umbo, au kuifanya itoe volti nyingi zaidi inapobanwa.

Madini yaliyoipa familia hii jina yalielezwa mwaka 1839 na Gustav Rose, mtaalamu wa madini wa Berlin, kutokana na sampuli za milima ya Ural, Urusi, alizoletewa na August Alexander Kämmerer. Yaliitwa kwa heshima ya Lev Perovski, ofisa mkubwa wa dola ya Urusi aliyependa sana mambo ya madini. Ni muungano wa kalsiamu, titaniamu na oksijeni, na kwa muda wa karibu karne nzima yalibaki jambo la makumbusho na makabati ya wakusanyaji.

Aliyeyatoa huko ni Victor Goldschmidt, mkemia wa madini aliyefanya kazi Oslo. Katika miaka ya 1920, eksirei ilipokuwa imewawezesha wanasayansi kupima umbali kati ya atomu, Goldschmidt alikusanya ukubwa wa ioni nyingi na mwaka 1926 akatoa kanuni ambayo bado hutumika. Chukua nusu kipenyo cha A, ongeza cha oksijeni. Kisha gawanya kwa jumla ya nusu vipenyo vya B na oksijeni iliyozidishwa kwa kipeuo cha pili cha mbili, yaani takriban 1.41. Jibu likiwa moja, ioni zote zinagusana sawasawa na mchemraba unakuwa kamili. Likiwa chini ya moja, A ni ndogo kuliko uwazi wake, na maumbo ya pande nane huinama ili kuubana. Ndivyo yalivyo madini ya Rose yenyewe, ambayo kwa kweli si mchemraba kamili. Likizidi moja kidogo, A husukuma kuta nje na B hubaki na nafasi ya kucheza katikati. Goldschmidt alitafuta kanuni ya kutabiri ni michanganyiko ipi itakubali muundo huu. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba nafasi hiyo ndogo ya kucheza ingekuwa chanzo cha teknolojia nzima.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifungua njia hiyo. Redio na rada zilihitaji kapasita kwa wingi, na kihami bora cha kapasita kilikuwa mika, madini yanayochanika kuwa karatasi nyembamba. Sehemu kubwa ya mika ilitoka India. Tanganyika nayo ilichimba mika katika milima ya Uluguru. Njia za baharini zilipokuwa hatarini, maabara za nchi zilizopigana zilianza kutafuta mbadala. Oksidi ya titaniamu ilikuwa imejulikana kuwa dielektriki nzuri: ikiwekwa ndani ya kapasita, huongeza uwezo wake wa kuhifadhi chaji karibu mara 100 kuliko ombwe, wakati mika huongeza mara saba hivi. Katika kampuni ya Titanium Alloy Manufacturing huko Niagara Falls, Marekani, Wainer na Salomon walijaribu kuchanganya oksidi hiyo na oksidi nyingine, moja baada ya nyingine. Mchanganyiko na bariamu ulitoa kipimo kilichopita 1,000. Ilikuwa ni mwaka 1942. Bila kujuana, kwa kuwa vita vilikuwa vimekata mawasiliano, Ogawa na Waku huko Japani na Wul na Goldman katika Taasisi ya Lebedev mjini Moscow walifikia titanati hiyohiyo ya bariamu katika miaka iliyofuata. Jambo lilipogunduliwa mara tatu kwa njia ileile, ya kubadilisha elementi moja kwa nyingine na kupima, lilionyesha kwamba njia yenyewe ilikuwa na uwezo kuliko ilivyodhaniwa.

Sababu ilitafutwa katika muundo. Helen Megaw, mzaliwa wa Dublin aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Philips huko Mitcham, Uingereza, alichunguza unga wa titanati ya bariamu kwa eksirei na mwaka 1945 akachapisha matokeo. Kwenye joto la kawaida mchemraba si mchemraba: upande mmoja ni mrefu kuliko nyingine kwa takriban asilimia moja. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ndiyo siri yote. Bariamu ni kubwa, hivyo titaniamu ina nafasi ya ziada, nayo husogea kidogo kutoka katikati kuelekea oksijeni mojawapo. Chaji chanya ikisogea upande mmoja, kila mchemraba mdogo unakuwa na upande chanya na upande hasi, hata kabla ya kuunganishwa na betri. Maabara ya Arthur von Hippel katika chuo cha MIT ilionyesha kwamba mwelekeo huo unaweza kugeuzwa kwa volti kutoka nje, na huo ndio ufafanuzi wa feroelektriki. Tabia hiyo ilijulikana tangu Joseph Valasek alipoipata katika chumvi ya Rochelle karibu mwaka 1920, lakini chumvi hiyo huyeyuka kwa maji. Sasa ilikuwa ndani ya seramiki ngumu inayochomwa katika tanuri kama vyungu.

Titanati ya bariamu hubadilika umbo mara tatu inapopoa. Juu ya nyuzijoto 120 hivi, joto la Curie, ni mchemraba kamili na haina mwelekeo wa umeme. Chini ya hapo hurefuka kuelekea uso mmoja wa mchemraba. Karibu na nyuzijoto sifuri mwelekeo wa umeme hugeukia ukingo. Na karibu na nyuzijoto 90 chini ya sifuri hugeukia pembe. Katika kila badiliko fuwele inakuwa legevu, na kipimo cha dielektriki hupanda ghafla. Kwa mtengenezaji wa kapasita hii ni neema na balaa kwa pamoja: kilele cha uwezo kipo kwenye nyuzijoto 120, mahali ambapo redio haifanyi kazi, na kwenye joto la chumba uwezo ni mdogo zaidi na hubadilika kila hali ya hewa inapobadilika.

Ubadilishaji wa ioni ulijibu tatizo hilo. Bariamu ikipungua na nafasi yake ikachukuliwa na strontiamu, ambayo ni ndogo zaidi, joto la Curie hushuka kwa nyuzi tatu hadi nne kwa kila asilimia moja. Strontiamu ikifika karibu theluthi moja, kilele kizima huwa kimehamia kwenye joto la chumba. Zirkoniamu ikiingia mahali pa titaniamu, joto la Curie hushuka vilevile, lakini yale mabadiliko mawili ya chini hupanda, mpaka yote matatu hukutana mahali pamoja na kilele kinakuwa kipana. Kalsiamu ilileta mshangao wa aina nyingine. Haisogezi joto la Curie karibu hata kidogo, ila husukuma badiliko la nyuzijoto sifuri chini sana. Kwa sona ya meli hili lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu maji ya bahari baridi yako kwenye nyuzi hizohizo ambapo titanati tupu ya bariamu hubadilika umbo na kupoteza uthabiti. Asilimia chache za kalsiamu ziliondoa tatizo hilo.

Sona ya seramiki iliwezekana kwa sababu ya ugunduzi mwingine wa miaka hiyo. Seramiki ina punje nyingi mno, kila moja ikielekea kwake, na kwa jumla nguvu zao zinafutana. R. B. Gray wa kampuni ya Erie Resistor huko Pennsylvania alitambua kwamba volti kubwa ikiwekwa kwa muda, mielekeo ya punje hujipanga, na baada ya volti kuondolewa sehemu kubwa hubaki imejipanga. Seramiki iliyopangwa hivyo ni piezoelektriki: ikibanwa hutoa volti, ikipewa volti hujinyoosha. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba kazi hiyo inahitaji fuwele moja kubwa iliyokuzwa polepole na kukatwa kwa uangalifu. Baada ya hapo ilitosha kusaga unga, kuufinyanga, kuuchoma na kuupa volti. Kabla ya muongo huo kwisha, seramiki hizo zilikuwa zimeingia katika vichwa vya sindano za gramafoni.

Katika majedwali ya wakati huo kulikuwa na jambo moja lililokataa kukaa sawa. Risasi, elementi ya 82, ina ioni inayokaribiana sana kwa ukubwa na ile ya strontiamu. Kwa kanuni ya ukubwa peke yake, zote mbili zikiingia mahali pa bariamu zilipaswa kushusha joto la Curie. Strontiamu hushusha, risasi hupandisha, na titanati ya risasi iliyo kamili hufikia nyuzijoto 490, na upande wake mrefu huzidi mfupi kwa asilimia sita badala ya moja. Wenye maabara walilijua jambo hilo na kulitumia miaka mingi kabla ya kulielewa.

Wakati Marekani na Japani zilishughulika na mwelekeo wa umeme, Eindhoven nchini Uholanzi ilifuata swali jingine: je, ubadilishaji unaweza kuifanya seramiki ipitishe mkondo? Katika maabara ya Philips, E. J. W. Verwey na wenzake walikuwa wameeleza mwaka 1950 kanuni ya kuongoza valensi. Kila fuwele lazima chaji zake zijumlishwe kuwa sifuri. Ikiondolewa ioni ya chaji mbili na kuwekwa ya chaji tatu, kuna deni la chaji ambalo lazima lilipwe mahali fulani: ama elektroni ya ziada inabaki ndani, ama ioni ya jirani inabadili valensi, ama ioni fulani inaacha nafasi tupu. Ni ipi kati ya njia hizo itafuatwa hutegemea joto la tanuri, hewa iliyomo na kiasi cha mgeni. Sentensi hizi chache ndizo msingi wa karibu kila kilichofuata katika fani hii, na ni ajabu kwamba hazitajwi mara nyingi zaidi.

Mwaka huohuo, katika maabara hiyohiyo, G. H. Jonker na J. H. van Santen waliitumia kanuni hiyo kwa manganati ya lanthanamu. Ikiwa safi, ni kihami. Sehemu ya lanthanamu yenye chaji tatu ikibadilishwa kwa kalsiamu yenye chaji mbili, baadhi ya manganisi hulazimika kupanda kutoka chaji tatu hadi nne. Theluthi moja hivi ya kalsiamu ikiwemo, seramiki inakuwa sumaku na wakati huohuo inapitisha umeme karibu kama metali. Mwaka 1951 Clarence Zener alieleza kwa nini mambo hayo mawili huja pamoja: elektroni huruka kutoka manganisi moja hadi nyingine kupitia oksijeni iliyo katikati, na huruka kwa urahisi pale tu sumaku za atomu hizo mbili zinapoelekea upande mmoja. Mwaka 1994 kikundi cha Bell Labs kilionyesha kwamba katika utando mwembamba wa seramiki za aina hii ukinzani huanguka kwa mara elfu hivi zinapowekwa ndani ya uga mkali wa sumaku, na watafiti wakazirudia kwa wingi kazi za Eindhoven.

Kilichoingia majumbani kutoka Eindhoven ni titanati ya bariamu iliyotiwa lanthanamu kidogo mno. P. W. Haayman na wenzake waligundua kwamba sehemu mbili au tatu za lanthanamu katika kila elfu zinatosha kuacha elektroni za ziada kwenye titaniamu, na kihami kilichozuia mkondo kabisa kinaanza kuupitisha vizuri. Kisha likaja jambo ambalo hawakulitarajia. Seramiki hiyo ikipashwa moto na kupita joto la Curie, ukinzani wake hauongezeki polepole. Hupanda mara elfu, wakati mwingine mara milioni, ndani ya makumi machache ya nyuzi. Mwaka 1961 Walter Heywang wa Siemens alieleza kwamba ukuta uko kwenye mipaka kati ya punje. Elektroni hunaswa hapo na kujenga kizuizi. Maadamu punje ni za feroelektriki, kipimo chao kikubwa cha dielektriki hukifanya kizuizi kuwa kifupi, lakini joto la Curie likipitwa, kizuizi husimama. Tena ubadilishaji humpa fundi usukani: strontiamu hushusha joto la kuruka, risasi hulipandisha. Kifaa kinachowasha kompresa ya friji na kujikata chenyewe baada ya sekunde chache kimejengwa juu ya kanuni hii. Na kuna mpaka usiosamehe: lanthanamu ikizidi kiasi hicho kidogo, chaji hulipwa kwa nafasi tupu badala ya elektroni, punje zinabaki ndogo, na seramiki inarudi kuwa kihami.

Huko Tokyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Gen Shirane, Etsuro Sawaguchi na wenzao walikuwa wakichora ramani ya mchanganyiko mwingine: titanati ya risasi pamoja na zirkonati ya risasi. Pande mbili hizo hazifanani. Titanati ni feroelektriki yenye nguvu. Katika zirkonati, safu za ioni husogea kwa kupokezana, moja huku na jirani yake kule, hivyo umeme unafutana. Ramani ya Wajapani ilionyesha kwamba zirkoniamu ikiongezwa mahali pa titaniamu, umbo lililorefuka kuelekea uso wa mchemraba huacha nafasi kwa umbo lililorefuka kuelekea pembe, na mpaka kati ya maumbo hayo mawili huanguka karibu na nusu kwa nusu, zirkoniamu ikizidi kidogo. Mpaka huo unasimama karibu wima: joto likipanda au kushuka, hausogei sana.

Bernard Jaffe, akiwa na Roth na Marzullo katika Ofisi ya Taifa ya Vipimo mjini Washington, aliitazama ramani hiyo na kuona fursa. Mwaka 1954 walitoa vipimo vilivyoonyesha kwamba mpakani hapo, penye takriban sehemu 52 za zirkoniamu kwa 48 za titaniamu, uwezo wa piezoelektriki hufikia kilele. Maelezo yaliyokubalika kwa muda mrefu ni ya hesabu rahisi: umbo moja lina mielekeo sita ya umeme, jingine nane, na mahali yanapokutana punje huwa na kumi na nne za kuchagua, hivyo hujipanga vizuri zaidi volti inapowekwa. Kampuni ya Clevite ya Cleveland iliyafanya matokeo hayo kuwa bidhaa na kuzipa jina la PZT, ambalo limekuwa jina la seramiki hizi duniani kote. Zilizidi titanati ya bariamu kwa nguvu na kwa joto la kufanyia kazi, na ndani ya miaka michache ziliipokonya soko la sona.

PZT tupu hata hivyo ilikuwa ngumu kuipanga kwa volti na ilitofautiana toka tanuri moja hadi nyingine. Kazi ya kuitiisha ilifanywa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Frank Kulcsar wa Clevite ana sehemu kubwa ndani yake. Niobiamu yenye chaji tano ikiingia mahali pa titaniamu au zirkoniamu yenye chaji nne, au lanthanamu ikiingia mahali pa risasi, chaji ya ziada hulipwa kwa baadhi ya nafasi za risasi kubaki tupu. Seramiki inakuwa laini, kwa maana ya umeme: kuta zinazotenga kanda za mielekeo tofauti ndani ya punje husogea kwa urahisi. Kwa kila nyutoni ya msukumo, PZT laini kama ile iliyouzwa kwa jina la PZT-5H hutoa karibu pikokulombi 590, wakati titanati ya bariamu hutoa 190 hivi. Kinyume chake, chuma chenye chaji tatu kikiingia mahali pa titaniamu, upungufu wa chaji hulipwa kwa oksijeni kuondoka. Nafasi tupu za oksijeni hutembea polepole, hujipanga pamoja na chuma, na hatimaye hushikilia kuta za kanda zisitikisike. PZT ngumu ya namna hii hutoa chaji kidogo zaidi, kati ya pikokulombi 225 na 290, lakini hupoteza nishati kidogo sana kwa joto, na inaweza kutikiswa kwa nguvu kwa saa nyingi.

Kwa hiyo ioni mbili, zote kwa kiasi cha asilimia moja au mbili, zilizaa viwanda viwili tofauti. Kinachosikiliza, kama kipokezi cha mwangwi ndani ya mashine ya altrasaundi inayomwonyesha mtoto tumboni, hufanywa kwa PZT laini. Kinachopiga kelele, kama kipaza cha sona au beseni la kusafishia vyombo vya upasuaji kwa mtetemo, hufanywa kwa PZT ngumu. Ugumu unaeleweka vizuri. Kwa nini nafasi tupu za risasi huleta ulaini ni suala ambalo wanafizikia wameendelea kulijadili.

Lanthanamu ikiongezwa zaidi, mpaka takriban asilimia 9 ya nafasi za A, upande mrefu wa fuwele hukaribiana na mfupi kiasi kwamba mwanga unapita punje moja hadi nyingine bila kutawanyika. Gene Haertling na Cecil Land wa Maabara za Sandia, Albuquerque, waliichoma seramiki hiyo chini ya mgandamizo ili kuondoa vitundu, na kuelekea mwaka 1970 wakapata PZT inayopitisha mwanga kama kioo na kuubadilisha kwa volti. Ilitumika katika miwani ya marubani wa kijeshi, ya kugiza ghafla ili mwako wa bomu la nyuklia usiwapofushe.

Seramiki za titanati ya bariamu hazikufa. Zilishindwa katika sona, zikashinda katika kapasita, na ushindi huo pia ulitokana na ioni ngeni. Kapasita ya kisasa ni tabaka nyingi za seramiki zilizopishana na tabaka za metali, zote zikichomwa pamoja. Metali inayovumilia tanuri lenye hewa ni paladiamu, nayo ni ghali. Nikeli ni rahisi, lakini huungua ndani ya hewa, na tanuri likinyimwa oksijeni, titanati yenyewe hupoteza oksijeni yake, elektroni zinabaki ndani na kapasita huvuja mkondo. Mwaka 1963 J. M. Herbert wa Uingereza alipendekeza kuweka manganisi kidogo mahali pa titaniamu ili izinase elektroni hizo. Wazo lilifanya kazi, ila kapasita zilichakaa mapema: nafasi tupu za oksijeni zilihama taratibu kuelekea elektrodi hasi mpaka kihami kikavunjika.

Jibu lilipatikana Japani katika miaka ya 1990, na lilihusu ukubwa, jambo ambalo Goldschmidt angelitambua mara moja. Miongoni mwa elementi za ardhi adimu, lanthanamu ni kubwa na huenda mahali pa bariamu tu, ambako huacha elektroni. Iterbiamu ni ndogo na huelekea mahali pa titaniamu tu, ambako huongeza nafasi tupu. Disprosiamu, holmiamu na itriamu zimesimama katikati: huingia pande zote mbili, zikitoa chaji hapa na kuipokea pale, na nafasi tupu za oksijeni hupungua na kutembea kwa shida. Maisha ya kapasita za nikeli yaliongezeka mara nyingi. Bei ya paladiamu ilipopanda mwishoni mwa muongo huo, viwanda vilikuwa tayari. Leo tabaka moja la seramiki hiyo linaweza kuwa jembamba kuliko mikrometa moja, na simu moja ya kisasa hubeba mamia ya kapasita hizi.

Mwaka 1986 ubadilishaji ulifanya kitu ambacho nadharia ya wakati huo haikukitarajia. Georg Bednorz na K. Alex Müller, katika maabara ya IBM ya Rüschlikon karibu na Zürich, walikuwa wakichunguza oksidi za shaba zenye tabaka za aina ya perovskaiti. Oksidi ya lanthanamu na shaba ni kihami. Bariamu ikichukua sehemu ndogo ya nafasi za lanthanamu, huondoa elektroni kutoka kwenye tabaka za shaba, na chini ya nyuzi 30 hivi za Kelvini ukinzani huanza kutoweka. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka uliofuata. Paul Chu wa Houston aliona kwamba mgandamizo hupandisha joto hilo, na pamoja na Maw-Kuen Wu wakafikiri kwamba ioni ndogo ingeweza kuibana fuwele kutoka ndani. Waliiondoa lanthanamu, wakaweka itriamu, na mwanzoni mwa 1987 wakafikia nyuzi 93 za Kelvini, juu ya nyuzi 77 ambazo naitrojeni ya kimiminika hutoa kwa gharama ndogo. Fuwele waliyoipata haikuwa ileile iliyobanwa. Ilikuwa mpangilio mwingine, wa michemraba mitatu ya perovskaiti iliyopangwa juu ya mwenzake na oksijeni kadhaa zikikosekana. Hoja haikuwa sahihi yote, lakini iliwafikisha.

Fumbo la risasi lilipata jibu mwaka 1992, Ronald Cohen wa Taasisi ya Carnegie alipokokotoa mwenendo wa elektroni katika titanati ya bariamu na ya risasi. Bariamu na strontiamu hukaa ndani ya fuwele kama mipira ya chaji tu. Risasi ina elektroni mbili za nje zisizofungwa, na elektroni zake huingiliana na zile za oksijeni, hivyo risasi nayo hujivuta upande mmoja pamoja na titaniamu. Ndiyo maana ukubwa uleule ulitoa matokeo yaliyopingana. Mwaka 1999 Beatriz Noheda na wenzake, akiwemo Gen Shirane yuleyule wa ramani ya Tokyo ambaye sasa alikuwa Brookhaven, waligundua kwamba kwenye mpaka maarufu wa PZT lipo umbo la tatu, lenye ulinganifu mdogo zaidi, ambamo mwelekeo wa umeme unaweza kuzunguka kutoka uso hadi pembe badala ya kuruka. Hesabu ya mielekeo kumi na nne haikufutwa, bali ilipunguzwa hadhi.

Maarifa hayo yalifika wakati risasi yenyewe ilikuwa imeshtakiwa. Ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na PZT ni risasi kwa zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake. Tanuri likifika nyuzijoto 1,200, oksidi ya risasi hupaa. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutekelezwa Julai 2006 iliweka kikomo cha asilimia 0.1 ya risasi katika vifaa vya elektroniki, lakini ikazisamehe seramiki za piezoelektriki kwa kuwa hapakuwa na mbadala. Mwaka 2004 Yasuyoshi Saito na wenzake wa maabara za Toyota na Denso walifikia pikokulombi 416 kwa niobati ya potasiamu na sodiamu, wakibadilisha baadhi ya ioni kwa lithiamu, tantalamu na antimoni na kuzipanga punje zielekee upande mmoja. Mwaka 2009 Liu Wenfeng na Ren Xiaobing walipata 620 katika titanati ya bariamu yenye kalsiamu na zirkoniamu, zilezile za miaka ya 1940, lakini joto la Curie la mchanganyiko huo halifiki nyuzijoto 100. Kila upande unaoshinda kwa nguvu hupoteza kwa joto au kwa urahisi wa kutengenezwa.

Elementi iliyo karibu zaidi na risasi kwa tabia ni jirani yake wa 83, bismathi, yenye jozi ileile ya elektroni za nje. Gennady Smolensky wa Leningrad na wenzake waliijaribu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiweka bismathi na sodiamu nusu kwa nusu mahali pa A katika titanati. Ni feroelektriki yenye nguvu, ila hupoteza mpangilio wake chini kidogo ya nyuzijoto 200, na huvuja mkondo kwa namna iliyowasumbua watengenezaji kwa miongo. Mwaka 2014 kikundi cha Derek Sinclair katika Chuo Kikuu cha Sheffield kilionyesha chanzo. Asilimia moja ya upungufu wa bismathi, inayopotea kwa urahisi tanurini, huacha nafasi tupu ambamo oksijeni hutembea kwa kasi, na kihami kinageuka kuwa kipitishi cha ioni, cha aina inayotafutwa kwa ajili ya seli za mafuta. Magneziamu kidogo mahali pa titaniamu huongeza mwendo huo. Niobiamu kidogo huuzima na kuirudisha seramiki kuwa kihami.